Mafuta, Nyongo na Mdogo Wangu

Jumanne, 3 Juni 2025, Mwanza

Mdogo wangu anameza dawa za sonona bila kukosa, ila chakula anachokubali ni chipsi tu. Jirani ananishauri nimkatie mafuta yote. Sikubaliani naye.

Ukila mafuta, mfuko wa nyongo hujikamua ili yapate kusagika. Nyongo nyingi hufyonzwa tena na kurudi kwenye ini. Ile kidogo inayosalia huteremka hadi utumbo mpana, na bakteria wanaoistahimili ndio hushamiri. Tena mafuta hayafanani. Mwaka 2015 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walieleza habari za panya waliolishwa wiki 11, hawa mafuta ya nguruwe, wale ya samaki, kwa kiasi kilekile. Kwa waliokula ya nguruwe alizidi Bilophila, bakteria anayestawi penye nyongo, na tishu zao za mafuta zikapata uvimbe. Kwa waliokula ya samaki alizidi Akkermansia, anayeishi kwenye ute wa utumbo. Kwa hiyo kuuliza “mafuta kiasi gani?” hakutoshi.

Ijumaa, 6 Juni

Je, bakteria hao wanagusa hisia? Kuna utafiti wa Louisiana, 2015 pia. Bakteria wa panya waliolishwa mafuta mengi walihamishiwa kwa panya waliokuwa wakila chakula cha kawaida. Hawakunenepa, lakini wakawa na hofu zaidi na kumbukumbu ikapungua. Nimeusoma mara mbili. Mafuta yenyewe hawakuyala!

Najua panya si mtu. Lakini naudhika ninaposikia mgonjwa wa sonona akiambiwa ajikaze, kana kwamba mwili wake haumo kabisa.

Jumapili, 8 Juni

Utafiti huu ni wa watu, Australia, 2017. Wagonjwa 67 wa sonona, wengi tayari wakiwa kwenye matibabu. Kwa wiki 12 kundi moja lilisaidiwa kula samaki, kunde, mboga, karanga na mafuta ya zeituni. Jingine lilipewa mtu wa kuzungumza naye. Dalili ziliondoka kwa asilimia 32 ya kundi la chakula, na asilimia 8 ya lile jingine. Ni watu wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, kwa hiyo sitamwahidi mdogo wangu makubwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimepika dagaa kwa nyanya, na maharage. Dagaa wana omega-3, maharage yana nyuzinyuzi ambazo bakteria huzichachua.

“Dada, nikila hivi nitapona?”

Nimemwambia dawa haachi, na chakula kinaongezea nguvu. Amekula nusu sahani. Kliniki ni Jumatatu. Nitamuuliza daktari kuhusu chipsi pia.