Akiba Isiyooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Maneno haya yametunza nyumba nyingi, wala sina nia ya kuyabatilisha. Lakini liko ghala moja ambamo yanahitaji tafsiri, nalo ni udongo ulio chini ya nyasi za bustani zetu za mjini. Akiba ya ghala hilo ni kaboni, na njia yake ya kuingia ni kuoza.

Jani lililokatwa huanguka likaliwa na bakteria na kuvu. Sehemu ya kaboni yake hurudi hewani kwa pumzi za walaji, na sehemu huwa miili yao. Wafapo, mabaki yao hushikamana na chembe za udongo yakakaa miaka mingi. Usione vyaelea, vimeundwa: rangi ya kijani tuisifuyo ina waundaji tusiowaona.

Mwenye bustani hupenda rangi hiyo, akanunua mbolea ya naitrojeni. Kwa kiasi, mbolea huongeza majani na mizizi, na kwa hiyo kaboni iingiayo ardhini. Ikizidi, mambo hugeuka. Bakteria wanapoigeuza amonia kuwa nitrati, udongo huachwa na uchachu. Baadhi ya kuvu zivunjazo sehemu ngumu za mimea hupunguza kazi. Kuvu ziishizo na mizizi hupunjwa sukari, maana mmea ulioletewa chakula mlangoni hauoni haja ya kumlipa mtumishi.

Ushahidi wa kale upo Rothamsted, Uingereza, ambako Lawes na Gilbert walianza jaribio mwaka 1856, nalo linaendelea mpaka leo. Ni shamba la majani ya mifugo, si bustani ya mjini, lakini somo lake linatufaa. Katika vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka bila chokaa, udongo ulichacha sana, aina za mimea zikapungua zikabaki chache, nyungunyungu wakatoweka, na majani makavu yakalala juu kama mkeka. Mpimaji wa kaboni peke yake angeliuona mkeka ule akaandika faida. Mimi naona kazi iliyosimama. Mali iliyolundikwa mlangoni kwa sababu wachukuzi wamekufa haijawa akiba.

Tena faida haihesabiwi bila gharama. Haber alionyesha mwaka 1909 namna ya kuunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi hiyo. Mashamba ya chakula yamepata neema kubwa kwayo. Lakini sehemu kubwa ya haidrojeni hiyo hutolewa katika gesi asilia na makaa ya mawe, na hewa ya ukaa hutoka nayo. Mbolea iliyozidi udongoni nayo hutoa naitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja, katika miaka 100, hupasha dunia joto kama kilo 270 hivi za hewa ya ukaa. Kwa nafaka deni hili lina udhuru. Kwa urembo, udhuru wake ni mwembamba.

Nina kiwanja kidogo cha ukoka. Majani yakatwayo huyaacha palepale yalipoanguka, maana yana naitrojeni yao, na mimea ya jamii ya kunde ijiotayo siing'oi, kwa kuwa bakteria wa mizizi yake huivuta naitrojeni hewani bila kiwanda. Kila kiangazi ukoka huo hugeuka manjano, na wageni wangu hupima mfuko wangu kwa rangi yake. Hukumu yao huniuma, lakini naona ni nyepesi kuliko deni.

Lugha yetu ina kuoza kwa namna mbili: jani huoza, na mzazi humwoza bintiye. Asili za maneno haya ni mbalimbali, lakini katika yote mawili kitu hutoka nyumba moja kikaanzisha nyingine. Udongo hutajirika kwa kutoa hivyo. Akiba yake haiozi baada ya kuoza kwanza.