Ngazi za Konkordia

Nchini Uswisi, katika milima ya Alps, iko nyumba ya wapanda milima iitwayo Konkordia. Imejengwa juu ya mwamba, mita 2,850 kutoka usawa wa bahari, ikitazama Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote ya milima hiyo. Wageni wengi hushuka garimoshi Jungfraujoch, kisha huufuata mto huo wakiwa wamefungana kamba, maana nyufa zilizofichwa na theluji humeza mtu. Wengine hutembea, wengine huteleza kwa skii zifungwazo miguuni. Jioni hula pamoja na kulala mapema, kwani safari za vileleni huanza kabla ya alfajiri, barafu ikingali ngumu.

Kibanda cha kwanza kilipojengwa mwaka 1877, barafu ilikuwa mita 50 hivi chini yake. Tangu hapo imeyeyuka na kushuka mno, hata ngazi za chuma zimeongezwa mara kwa mara, na vidato vyake vimepita 400. Msafiri, hata akichoka namna gani, hana budi kuvipanda vyote. Wakaao chini ya Ruwenzori na Kilimanjaro, ambako barafu nayo yapungua, hawatastaajabia habari hiyo.