Nauli ya Nyumbani

Jumamosi moja sisi dada wawili, wazaliwa wa Mombasa, tulitoka Belchertown, Massachusetts, kwa baiskeli. Barabara ya 9 hupanda na kushuka msituni, kusini mwa bwawa la Quabbin linaloipa Boston maji. Kwa ajili ya bwawa hilo miji minne, Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilifutwa mwaka 1938. Kabla ya Ware tulishuka makaburini: maiti zaidi ya 6,000 walihamishiwa hapo kutoka bondeni. Tulinyamaza. Mama alipofariki hatukuwahi hata hitima yake. Na baba twamtumia fedha na salamu tu. Watu wale hawakuacha hata wafu wao nyuma; sisi tumemwacha mzazi aliye hai. Akiba ya baiskeli mpya sasa ni nauli. Inshallah, Ramadhani itatukuta Mombasa.