Jezi za Chini ya Robota

Kwa miaka mingi jezi za klabu kubwa za Uingereza zilivaliwa Kinango, Kwale, na watu wasiokuwa na habari na klabu hizo. Walizivaa wachungaji, wachoma makaa, wachimba visima na kina mama waliotoka kupalilia mahindi. Nasema habari za miaka ya tisini. Masharti ya kuingiza mitumba yalikuwa yamelegezwa, viwanda vya nguo vya humu nchini vinafunga milango kimoja baada ya kingine, na marobota kutoka Ulaya yanashushwa bandarini Mombasa na kukatwa kamba Kongowea. Aliyewahi alfajiri alichukua kamera: shati la ofisini, jinzi isiyo na doa, gauni la kwendea harusini. Jezi haikuwa kamera. Nani aende kazini na shati la kung'aa lenye jina la kampuni ya redio na vidio kifuani? Ilibaki chini pamoja na soksi zisizo na jozi na makoti ya theluji, ikauzwa fagia, rundo zima kwa bei ya kutupa, kwa wachuuzi wa kwenda ndani: Mariakani, Samburu, Kinango, Ndavaya.

Huku kwetu ilithaminiwa, ila kwa sababu zisizohusu mpira. Kitambaa chake hakinywi maji. Unalifua shati jioni, unalitanda juu ya ua wa miiba, alfajiri limekauka. Mwiba wenyewe unalikwaruza tu, haulichani. Mama alipofika kwa mchuuzi alikuwa akisema, "Nipe zile za nailoni," basi. Timu hakuuliza.

Adui wa jezi alikuwa mmoja, pasi ya makaa. Kijana aliyetaka kupendeza kwenye disko matanga aliinyoosha jezi yake kwa pasi iliyojaa makaa mekundu, na yale maandishi ya JVC ya Arsenal, ya zile za zamani zenye manyoya mafupi ya mahameli, yaliyeyuka yakagandia chini ya chuma. Ndiyo maana Arsenal nyingi za Kinango zilisomeka J na C, katikati pamebaki kovu.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akileta ng'ombe mnadani kutoka upande wa Vigurungani, amevaa jezi ya kijivu ya Manchester United. Wapenzi wa mambo haya wanaijua jezi hiyo. Tarehe 13 Aprili 1996 United waliivaa ugenini kwa Southampton, wakafungwa mabao matatu kabla ya mapumziko, wakarudi kipindi cha pili wamevaa nyingine, kisa eti wachezaji walikuwa hawaonani uwanjani. Mechi ikaisha 3-1 na ile ya kijivu haikuchezewa tena. Ng'ombe wa yule mzee walimwona vizuri tu, na aliivaa mpaka ikapasuka mabegani. Leo hii watu wa Manchester na London wangemtumia nauli.

Yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya Umbro, yenye kola na neno Sharp kifuani. Niliivaa shuleni, bwawani na kwenye uwanja wetu wa vumbi bila kuitazama sana. Mchana mmoja nilikuwa nimelala chini ya mwembe, nimejifunika nayo uso kuzuia jua, nikaona kwamba ndani ya kitambaa mna mchoro. Paa, nguzo, majukwaa, watu: uwanja mzima umechapwa humo wekundu juu ya wekundu, na huuoni ila mwanga ukiupiga kutokea nyuma. Niliivua nikaigeuza, nikaitazama ndani na nje. Ilinichukua muda kujua kwamba huo ulikuwa Old Trafford, na kwamba jezi hiyo ni ya msimu wa 1994 hadi 1996. Tangu hapo sikuweza kupita rundo la nailoni bila kuinama.

Mpira wa Ulaya wenyewe ulitufikia taratibu, tena mwanzo ulipitia Ujerumani. Televisheni ya taifa ilikuwa na kile kipindi cha Football Made in Germany, na sauti ya Toby Charles ilisikika hata kwenye runinga iliyowashwa kwa betri ya gari, watu wazima wamechuchumaa mbele na watoto wamesukumwa dirishani. Baadaye kukaja kumbi za jenereta na dishi la setilaiti, kiingilio mlangoni, na Ligi Kuu ya Uingereza kila Jumamosi. Hapo ndipo nguo za Kinango zilipopata majina. Mtu aliyekuwa akivaa shati jekundu kwa sababu ni gumu akaanza kuulizwa njiani, "Wewe ni wa timu gani?" Na kwa kuwa ni aibu kukosa jibu, akachagua. Najua familia zilizogawanyika kati ya Arsenal na United kwa kufuata shati walilolikuta kabatini.

Ungedhani siku hizo jezi za zamani zingepanda bei. Zilishuka. Shabiki alitaka jezi ya msimu huu, ile aliyoiona kwenye runinga Jumamosi iliyopita, na wafanyabiashara wa Mombasa walikuwa wameshaanza kuleta feki mpya, nyepesi, zenye jina la mchezaji mgongoni. Manchester United walipotoka Vodafone kwenda AIG mwaka 2006, kijana aliyevaa Vodafone alichekwa katika ukumbi wa mpira, hata kama yake ilikuwa orijino na ya mwenzake imefutika namba baada ya kufuliwa mara mbili. Nilimwona mtu akibadilisha Umbro halali na feki ya Ronaldo, akaongeza na pesa juu, akaondoka anaona kampiga mwenzake. Orijino za miaka ya themanini na tisini zikawa matambara ya kufutia pikipiki, zikavishwa vinyago vya kufukuzia ndege shambani. Miaka hiyo ndipo nilipokusanya nyingi. Nilizipata kwa bei ya soda, na mara nyingine kwa kuomba tu.

Hapa niseme kidogo kuhusu Liverpool, maana wengine hawanielewi. Kuanzia 1992 hadi 2010 jezi zao zilibeba jina la Carlsberg, na Carlsberg ni bia. Huku kwetu, ambako mtoto anatoka shule anaingia madrasa, hilo halikuwa jambo dogo. Ustadhi alikuwa akimrudisha mtu mlangoni. Wazazi wengine walishonea kiraka cha kanga juu ya neno, wengine walimwambia mtoto aivae ndani nje. Ninayo moja iliyokwanguliwa kwa wembe, herufi baada ya herufi, kazi ya mtu mwenye subira. Rangi nyeupe imetoka yote, lakini kwa kuwa jua lilikuwa limepausha wekundu uliozunguka herufi, neno linasomeka bado, safari hii kwa wekundu uliokolea zaidi. Mkusanyaji wa Ulaya ataigusa mara moja na kuirudisha. Kwao jezi inapimwa kwa usafi, na kidoa kimoja kinashusha bei. Mimi naona wanakosea. Jezi safi za Liverpool za aina hiyo ziko maelfu duniani. Hii iko moja, na unaweza kujua ilikoishi bila kuambiwa.

Kwa hiyo ninapotafuta siulizi tu kama ni halisi. Uhalisi una njia zake za kuujua, na vijana wa siku hizi wanaujua kunishinda: wanageuza jezi ndani nje, wanatafuta lebo ndogo ubavuni, wanasoma namba ya bidhaa, wanaiandika kwenye simu. Namba ikileta jezi nyingine kabisa, au koti, au viatu, feki hiyo. Adidas nyingi zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa za zamani zaidi, ambazo hazina namba ya kutafuta, unatazama uzi wa nembo kwa nyuma, ukubwa wa lebo ya shingoni, uzito wa kitambaa. Mimi nikishamaliza hayo natazama viraka. Nani alishona hapa, kwa uzi gani, kwa cherehani au kwa mkono?

Kuna jezi zilizopata thamani kwa siku moja. Mistari ya kijani na nyeupe ya Celtic ilijaa katika mitumba na haikuwa na mnunuzi, kwani ligi ya Uskoti nani aliifuata? Kisha tarehe 7 Novemba 2012 Mkenya Victor Wanyama akaifunga Barcelona kwa kichwa kule Glasgow, Celtic wakashinda 2-1, na wiki hiyo hiyo watoto wakaanza kuniuliza kama nina "ile ya Wanyama." Wengine walichora 67 mgongoni kwa wino, namba aliyoichagua kuwaenzi mabingwa wa Ulaya wa klabu hiyo wa mwaka 1967. Everton nao walikuja na maajabu yao: kuanzia 2017 kifuani mwao paliandikwa SportPesa, kampuni ya kubashiri, jina lililokuwa kwenye kila simu ya Kinango, na Julai mwaka huo wakaja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Zamani tulivaa matangazo ya watu wa mbali. Hapo Waingereza wakavaa tangazo letu, na hasara zetu za mikeka.

Mageuzi makubwa yalikuja kimya kimya. Huko Manchester, vijana wawili walikuwa wameanzisha biashara ya jezi za zamani mwaka 2006, Classic Football Shirts, na miaka ilivyokwenda jezi kuukuu ikaanza kuuzwa ghali kuliko mpya. Kisha jezi ikawa nguo ya fasheni, inavaliwa na wasichana juu ya jinzi, na wasiojua kuotea ni nini. Wachambuzi wa mitumba Ulaya wakaerevuka: jezi nzuri inatolewa kabla robota halijafungwa. Ikiponyoka kule, inadakwa Gikomba au Kongowea na kijana mwenye simu aliyelala hapo hapo sokoni. Mwaka 2020, serikali ilipopiga marufuku mitumba kutoka Machi hadi Agosti kwa ajili ya korona, marobota yakaadimika, na yaliporudi jezi ilikuwa imeshakuwa kamera. Kinachofika Kinango sasa ni feki za juzi zilizochakaa. Tumegeuziwa kibao.

Jezi zikaanza kurudi zilikotoka. Yupo kijana wetu mmoja anayezunguka na bodaboda hadi Samburu na Taru, anawanunulia wazee jezi zilizo mwilini, anawapa shati jipya palepale. Anazifua, anazipiga picha juu ya mkeka, anaziuza kwa WhatsApp hadi Nairobi, na msimu wa watalii anateremka nazo Diani. Watalii hao hao, au wazazi wao, ndio waliokuwa wakija na masanduku ya jezi kuukuu kugawia shule za Kwale. Sasa wanazinunua ufukweni kwa euro. Simlaumu. Aliwahi kuniuliza, "Ami, hizo zako unazilaza tu, za nini?" Nilimwonyesha ile ya Carlsberg. Akaishika kwa kidole na gumba, akasema kwa heshima zote kwamba hiyo haiuziki.

Siku hizi natafuta kitu kigumu zaidi. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987 kwa sare mbili na Espérance ya Tunis, 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi. Naweza kukupatia Arsenal ya miaka hiyo kwa kupiga simu mbili, lakini jezi iliyovaliwa na Feisal sijawahi kuishika, wala sijakutana na mtu aliyeishika karibuni. Sababu naijua. Kwetu jezi haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa seti, ya timu, ikikaa ndani ya gunia nyumbani kwa nahodha, inatolewa asubuhi ya mechi na kurudishwa jioni na jasho lake. Ilivaliwa na kizazi baada ya kizazi hadi ikaisha. Mashabiki hawakuuziwa nakala, kwa hiyo hakuna kilichobaki makabatini.

Nje kidogo ya Kinango mjini nimeipata seti moja ambayo haijaisha. Ililetwa na mgombea wa udiwani katika uchaguzi wa 2002: pamba nzito ya bluu, namba zimekatwa kwa kitambaa cheupe na fundi cherehani ambaye hakuwa na kielelezo, kwa hivyo 6 na 9 hazifanani hata ukizipindua. Sasa zinavaliwa na timu ya watoto na zimewafika magotini. Anayezitunza ni mama wa nahodha wa zamani, naye ndiye anayezifua. Nilikwenda kumwomba aniuzie namba 6 peke yake. Alinikaribisha uji, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, nikikupa sita, Jumapili nani atacheza kifua wazi?"

Nikamwambia nitaleta jezi nyingine ya bluu badala yake. Akakataa, haitafanana na wenzake, refa atawasumbua. Nilete seti nzima mpya, na bukta zake, na soksi, ndipo nichukue zote kuukuu. Nimeulizia bei Mombasa, na kwa pesa hizo ningenunua Arsenal safi ya JVC nikabaki na nauli. Bado tunapatana. Juzi alinipigia simu kuniongezea mpira na glavu za kipa.