Kungojea Tiba ya Akili, Ughaibuni na Nyumbani

Nchini Uingereza, kijana aliyepatwa na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea usingizi, hamu ya chakula na utulivu wa masomo, huandikiwa rufaa na daktari wa familia au shule kwenda CAMHS, huduma ya afya ya akili ya watoto na vijana iliyo chini ya NHS, mfumo wa tiba wa umma ulioanzishwa mwaka 1948. Kupokewa kwa rufaa si kutibiwa. Anayeonekana hajazidiwa hurudishwa, na anayekubaliwa huingia katika orodha ambamo miezi mingi huweza kupita. Akifikisha miaka 18 kabla ya zamu yake, kwa kawaida huelekezwa kwenye huduma ya watu wazima, yenye vigezo vingine na foleni nyingine. Mwaka 2017 serikali ilipendekeza kufanyia majaribio kikomo cha wiki 4, pendekezo ambalo lenyewe lilikiri ukubwa wa tatizo.

Nchini Tanzania, sehemu kubwa ya kungojea hupita kabla familia haijaona lango la hospitali, na hakuna anayeihesabu. Mgonjwa hupelekwa kwenye kisomo, maombi au kwa mganga, na mara nyingi ni baada ya vurugu ndipo hufikishwa Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo jina lake mitaani limegeuzwa kejeli. Hata hivyo, si haki kuwalaumu masheikh na wachungaji kwa ucheleweshaji huo, kwa kuwa wao huipokea familia siku ileile na kuisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kliniki nyingi haziliwezi. Kinachokosekana ni njia ya kumtoa mgonjwa hapo na kumfikisha kwa mtaalamu.

Familia ya Kiswahili iliyoko London hubeba mizigo miwili: inaingojea orodha bila shangazi wala jirani wa kupokezana naye zamu za usiku, na huku ikihofu kwamba maofisa wa ustawi wa jamii, wakiarifiwa, watamchukua mtoto. Baadhi huamua kumpeleka kijana kwa bibi yake Tanga au Mombasa ili atulie, na huenda akatulia kweli. Lakini barua ya miadi ikifika na yeye hayupo, jina lake laweza kufutwa, naye akirejea itamlazimu kuanza upya kwa daktari wa familia.