Rangi ya Lango

Lango ni uso wa nyumba, na rangi ni ngozi ya uso huo. Apitaye njiani huona rangi akadhani kuwa ameona lango. Nakuomba, msomaji, usimame nami kitambo tulitazame lango moja kwa makini kidogo kuliko mpita njia.

Ziko nchi ambako milango ya mabanda ya motokaa hufanywa kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Mlango wa namna hiyo hauli kutu. Adui yake ni jua, ambalo huila gundi ile hata nyuzi zikajitokeza. Hapa Gatina, katika Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi, lango ni la chuma, kazi ya mafundi wa jua kali. Nyuma yake kuna vyumba vya kupanga, mfereji mmoja wa maji, na kamba za nguo. Lango moja huwalinda watu wengi, na kwa sababu ni la wote, aghalabu halina mwenyewe.

Kutu si uchafu uliotoka mahali ukakaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichoungana na hewa na maji. Nacho kikigeuka kutu huvimba, kikataka nafasi kubwa kuliko ile ya kwanza. Basi ukipaka rangi juu ya kutu umeifunika tu. Huendelea kukua gizani, ikaisukuma rangi hata ikafura kama lengelenge na kupasuka. Lango la ploti nikaamo lilikuwa limepakwa hivyo mara nyingi, rangi juu ya rangi, kila Krismasi ilipokaribia. Lilipendeza Januari, likachubuka Juni.

Mwaka mmoja tulichanga fedha tukamwita fundi mtu mzima. Ilikuwa Februari, kabla ya masika, na chuma kilikuwa kikavu. Hakufungua kopo la rangi. Aliinama, akagonga ukingo wa chini kwa ufunguo, na vipande vya kutu vikaanguka. Alisema kuwa lango halina budi kung'olewa katika bawaba na kulazwa chini siku mbili.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. “Fundi,” alisema mama mmoja auzaye mboga, “tukilala bila lango, ni wewe utakayetulipa vitu vyetu?”

“Mama,” alijibu, “mwizi hana haja ya kungoja niling'oe. Akilipiga teke hapa chini atapita.”

Hakuna aliyeweza kumbishia, kwa kuwa tundu tuliliona sote.

Alianza kwa kumwaga maji juu ya rangi ya zamani, kisha akakwangua na kupiga msasa ikiwa majimaji. Watoto walizoea kuokota magamba ya rangi hiyo wakayafanya fedha za mchezo. Aliwafukuza kwa ukali, akayakusanya yote katika gunia. Ukali huo ulikuwa na haki. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Marekani iliyakataza katika rangi za nyumba mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani husema kuwa hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Jicho haliwezi kuitambua risasi ndani ya rangi. Vumbi kavu huvutwa kwa pumzi, lililoloana huzolewa.

Walakini maji ni rafiki wa kutu, kwa hiyo alikifuta chuma mara moja, akakianika, akakipangusa kwa tina. Alitafuta mchomeleaji akaziba tundu. Jioni, jua lilipopoa, alipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mchana hakukubali: jua la Nairobi, mji ulio karibu na ikweta na juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, hukausha uso wa rangi ilhali ndani ni mbichi, nayo ikakunjamana.

Usiku tulikesha kwa zamu mahali palipokuwa lango. Yule mama wa mboga alileta jiko na chai, akakaa kuliko wanaume wote. Jirani yetu mmoja, bawabu katika nyumba ya Lavington, aliomba ruhusa akanyimwa. Akaenda kulinda lango la mwingine, na la kwake limelala chini. Maneno yake alipokuwa akiondoka siyaandiki katika kitabu cha wanafunzi.

Siku ya pili lilipakwa nyekundu tena. Jirani mmoja alilalamika kuwa tunamlipa mtu ambaye hatujaiona rangi yake hata tone. Fundi hakujibu. Lango liliporudishwa katika bawaba aliweka kipande cha kioo cha kujitazamia ardhini, akalala kifudifudi, akauchungulia ukingo wa chini, mahali ambapo matope hurukia na maji hutulia. Aliona pengo dogo, akalijaza.

Rangi ya juu tuliichagua kwa kura, na kijani kikashinda buluu kwa kura saba kwa tano. Ukingo wa chini aliuacha mwekundu vile vile. Nilimwuliza kwa nini. Alisema kuwa kijani tulichonunua kilikuwa cha wapita njia, na huko chini hapiti mtu ila siafu.