Pepo za Chamchela katika Nchi ya Ngano

Katika Kanada, mashariki ya Milima ya Rocky, yako majimbo ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba, nchi tambarare ambako ngano huenea mpaka upeo wa macho. Lakini neema hiyo ina adui wake. Kila mwaka, hasa mwezi wa Juni na Julai, hewa ya joto yenye unyevu hukutana na hewa kavu ya baridi. Mawingu meusi hupanda, na pengine chamchela kubwa huteremka mfano wa mkonga wa ndovu.

Njia yake ni nyembamba, na nyingi hupita mashambani tu. Hivyo nyumba yaweza kukaa miaka mia isiguswe. Hata hivyo, tarehe 30 Juni, 1912, mji wa Regina ulipigwa, wakafa watu 28. Tarehe 22 Juni, 2007, chamchela kali kupita zote zilizopata kupimwa rasmi katika Kanada iliing'oa nyumba nzima huko Elie, lakini hakufa mtu.

Wakulima wa huko hawaihami nchi yao, wala hawaidharau hatari. Wasikiapo onyo redioni, hushuka upesi katika chumba kilicho chini ya nyumba. Tahadhari kabla ya hatari.